Nati sita za ekzosi ya Sista Robai, na bolti mbili nilizovunja kwa nguvu zangu

Wakuu, nawasalimu wote, wenye magari makubwa na madogo, na hata wewe ambaye bado unatembea kwa miguu lakini unapenda kuchungulia jukwaa la magari.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa, miaka mingi sasa. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliuliza afanye nini na nati ya ekzosi iliyogoma kwenye gari yake ya zamani. Karibu kila aliyemjibu alimwambia aongeze bomba kwenye mpini wa spana, avute kwa nguvu.

Nilisoma majibu yote mpaka mwisho. Ndiyo maana leo nimekaa chini kuandika.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Kakamega, miaka ya tisini, kabla hatujajua simu ya mfukoni ni kitu gani. Mikono iliyoharibu kazi ni hii hii inayobonyeza hapa. Majina nimebadilisha, mengine yote niko tayari kusimama nayo. Ni uzi kuhusu nyuzi za bolti, una urefu kidogo, kwa hivyo tafuteni chai.

Sasa.

Wakati huo nilikuwa na gereji yangu mtaa wa Amalemba. Nikisema gereji msione jengo. Yalikuwa mabati nane juu ya nguzo za mkaratusi, shimo la kuingia chini ya gari, na benchi moja ya wateja. Jina langu Wycliffe, lakini watu waliniita Winchi kwa sababu ya mikono. Nilikuwa naweza kutoa gia boksi ya pick-up peke yangu na kuiweka juu ya meza. Watu walikuwanga wanasimama kuangalia.

Na mimi nilipenda kuangaliwa.

Nati nilizifunga kwa njia moja tu. Kaza mpaka spana ilie, ingiza bomba kwenye mpini, kaza tena. Mteja akiona hivyo anaenda nyumbani akiwa ametulia. "Hii imefungwa na Winchi," walikuwa wakisema, "haifunguki hii." Nilidhani ni sifa.

Mumias kulikuwa na fundi mwingine, mtu mzima anayeitwa Hashim, aliyetengeneza trakta za kubeba miwa. Sikuwa namjua kwa sura. Nilimjua kwa maneno ya wateja, kwamba kwake kazi inachukua muda, kwamba kila bolti anaisugua kwa brashi ya waya, anaipaka dawa fulani nyeusi, kisha anaifunga polepole kama mtu anayefikiria jambo lingine.

Nilikuwa nacheka. Nilisema mbele ya watu, tena si mara moja, kwamba huyo wa Mumias anapakapaka bolti mafuta kama mama aliyetoka kumwogesha mtoto.

Maneno ya Kakamega hufika Mumias haraka kuliko basi. Hilo sikulijua.

Sasa niwaambie kuhusu Sista Robai.

Alikuwa muuguzi, mkunga, mjane wa miaka hamsini na kitu. Aliacha kazi ya hospitali akafungua kliniki ndogo ya akina mama kule Matete, upande wa Lugari, vitanda vinne. Marehemu mume wake alimwachia pick-up 404 ya rangi ya krimu, yenye turubai nyuma. Aliiendesha mwenyewe. Mama akishindwa kujifungua pale Matete, Sista anampakia kwenye kiti cha mbele, jamaa wanapanda nyuma, safari ya hospitali kubwa mjini, kupitia Malava.

Kwa hivyo hiyo gari haikuwa ya kwendea kanisani tu. Kuna watu wazima leo Lugari nzima walioanza safari yao ya dunia kwenye kile kiti.

Mwaka mmoja na zaidi kabla ya kisa chenyewe, alikuwa ameniletea hiyo 404 niweke gaskiti mpya ya manifoldi, ile karatasi ngumu ya kuzuia moshi usivuje. Kwa asiyejua, manifoldi ni ile mikono ya chuma iliyoshikana na injini, inayopokea moshi na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Inashikwa na bolti zisizo na kichwa. Upande mmoja wa bolti umejisokota ndani ya hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, upande mwingine unashikwa na nati. Kwenye gari yake zilikuwa sita.

Nilizitoa zile nati sita. Zilikuwa za chuma cha kawaida, tayari na kutu. Nikaweka gaskiti, nikarudisha nati zile zile, kavu, bila kusugua, bila kupaka chochote. Nikakaza mpaka spana ikalia. Nikaongeza bomba.

Sista akanishukuru, akaenda.

Kidogo niseme kuhusu mvua yetu. Kakamega asubuhi ni jua safi. Saa nane, saa tisa mchana, wingu linashuka kutoka upande wa msitu na mvua inapiga mpaka barabara inakuwa mto. Sasa ekzosi iko na moto wa kuchoma nyama, halafu inamwagiwa maji ya dimbwi. Inakauka, inalowa, inakauka, kila siku ya Mungu. Mafuta yoyote yaliyokuwepo kwenye nyuzi yanaungua. Kutu inaingia mahali pake. Nati ya chuma na bolti ya chuma zinakuwa mwili mmoja kama maharusi, na wewe fundi ndiye unataka kuja kuwatenganisha.

Basi Jumatatu moja asubuhi, Sista Robai akaingia na gari ikipiga kelele pu pu pu kama pikipiki.

Hakutaka hata kukaa. Akaniambia, "Fundi, hii gari inanilevya."

Nikadhani anatania. Akaeleza kwamba mwezi mzima anashuka kwenye gari na kichwa kinagonga. Mama mmoja mjamzito alitapika njia nzima, wakasema ni mimba. Halafu Ijumaa iliyopita, mchana kweupe, amepita Malava akiwa peke yake, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, macho yakaanza kufunga. Aliamka gurudumu moja liko nje ya lami. Alifungua vioo vyote akaendesha akilowa mpaka mjini, na kichwa kikaanza kutulia.

Yeye ni muuguzi, alishajua. Moshi ulikuwa unavuja mbele kwenye injini na kuingia ndani ya kebini. Wakuu, hapa nisimame kidogo. Harufu unayoisikia ni ya mafuta yaliyoungua. Gesi yenyewe inayoua haina harufu. Ukishuka kwenye gari yako ya zamani na kichwa kinauma kila mara, usimeze dawa tu. Fungua boneti.

Akaniambia pia kuhusu Nasimiyu. Huyo alikuwa mama kijana wa pale pale Matete, mimba ya mapacha, na mmoja wa watoto alikuwa amelala vibaya. Daktari mjini alikuwa ameshasema asijaribu kujifungulia kliniki. Uchungu ukianza, aletwe mara moja. Siku zilikuwa zimebaki chache. Sista alikuwa anataka gari kabla ya Ijumaa.

Nikamwambia, Sista, hiyo ni kazi ya leo. Jioni utakuwa kwako.

Nikafungua boneti. Gaskiti ilikuwa imeungua upande mmoja na manifoldi imejikunja kidogo. Unajua kwa nini ilijikunja? Kwa sababu kuna mtu aliikaza kwa nguvu na bila mpangilio, ikakosa nafasi ya kupumua inapopata moto. Lakini asubuhi hiyo sikufikiria hivyo. Nilifikiria, kazi rahisi.

Nikachukua spana. Nati ya kwanza haikusonga. Nikaingiza bomba langu, nikavuta.

Tak.

Kila fundi anajua hiyo sauti. Kwa sekunde moja mkono unafurahi kwa sababu kitu kimeachia, halafu unaona nati mkononi mwako na kipande cha bolti kimebaki ndani yake. Bolti ilikuwa imekatika karibu na uso wa hedi.

Ningeachia hapo ningekuwa na akili. Lakini kulikuwa na watu kwenye benchi, na Sista alikuwa amesimama pale. Nikaenda kwa ya pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Tak.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba hii ni kawaida, nitatoboa kwa drili. Hedi ya 404 ni ya alumini. Bolti ni ya chuma kigumu. Ukitoboa chuma kigumu kilichokaa ndani ya alumini laini, ncha ya drili inateleza inaenda kwenye ulaini, na kabla hujajua umetoboa hedi yenyewe. Hedi ya gari ile, wakati ule, kuipata Kakamega ilikuwa kama kutafuta barafu.

Nilikuwa nimeshika drili tayari. Sista Robai akakaribia, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufanya hiyo kazi kwenye hedi kama ile.

Nikasema nimeona ikifanywa.

Akaangalia ile drili, akaangalia mikono yangu. "Sisi mtoto akikwama hatuvutangi," alisema. "Unamgeuza kidogo, unangoja, unamgeuza tena. Ukivuta kwa nguvu unapoteza wawili."

Nikaweka drili chini. Namshukuru Mungu mpaka leo kwa hiyo dakika.

Kisha akauliza swali lingine, tena hakuwa ananishuku. Ni nani alifunga nati kavu namna hii? Akajijibu mwenyewe kwamba labda ni yule fundi wa Kitale aliyekuwa akitengenezea marehemu mume wake.

Nikanyamaza.

Alikuwa amesahau kwamba gaskiti ya mwisho niliweka mimi. Au hakujua kwamba kuweka gaskiti ni lazima ufungue nati zote. Vyovyote iwavyo, mlango ulikuwa wazi na mimi nikajificha nyuma ya mtu wa Kitale ambaye sijawahi kumwona.

Mmoja wa waliokaa kwenye benchi, dereva wa lori la mahindi, ndiye alisema jina. Akasema kama ni bolti zilizokatika, hapa karibu kuna mtu mmoja tu anayezitoa, Hashim wa Mumias, na kwamba yeye kesho asubuhi anapita huko.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikiangalia ile gari, nikimfikiria huyo mama wa mapacha, sikuwa na njia nyingine.

Mchana huo wote nilifungua hedi. Bomba la ekzosi linaloshuka chini nilikata bolti zake kwa msumeno, nikatoa hedi pamoja na manifoldi yake ikiwa bado imeshikilia, nikafunga kwenye gunia. Sista alilala kwa dada yake hapo mjini, na asubuhi akaja kusema anaenda na mimi Mumias. Nilijaribu kumzuia kwa heshima. Akasema hedi ni yake.

Kwa Hashim palikuwa safi kuliko jikoni nyingi. Trakta mbili zilikuwa uani, moja imefunguliwa, na bolti zake zote zimepangwa kwenye mbao kwa mpangilio wake. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, ana kofia nyeupe na ovaroli iliyooshwa. Tukasalimiana, salaam aleikum, wa aleikum salaam, akamkaribisha Sista kiti, akaniomba nifungue gunia.

Aliinamia ile hedi muda mrefu. Akachukua nati moja kati ya zile mbili zilizotoka na vipande vya bolti, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii ilifungwa na nani?"

Sista akaanza kueleza habari za yule fundi wa Kitale. Hashim akasikiliza mpaka mwisho, akasema mtu huyo alikuwa na mkono mzito na haraka.

Wakuu, nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nilikuwa na mke, nilikuwa na jina mjini. Na sijui ni nini kilinisukuma, labda ni vile Sista alikuwa anamlaumu mtu asiyekuwepo kujitetea.

Nikasema, "Ni mimi."

Sista akageuka.

"Jana nilikuuliza."

"Ndiyo, Sista."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Hakuinua sauti. Aliniambia tu kwamba wakati mimi nanyamaza, yeye alikuwa anapanga kumpakia Nasimiyu kwenye hiyo gari hivyo hivyo ilivyo, vioo wazi, kama kazi ingeshindikana. Kisha akatoka akaenda kusimama uani karibu na trakta, ametupa mgongo.

Nilibaki na Hashim. Nikangoja anifukuze. Yeye alikuwa anafuta nati na kitambaa.

"Na mimi pia nimesikia yangu," akasema. "Eti huyu wa Mumias anapaka bolti mafuta kama mama na mtoto."

Akaiweka ile nati juu ya mbao.

"Haya, vua shati. Mwenye kufunga ndiye atafungua. Njoo nikuonyeshe mtoto anavyopakwa."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakugusa spana siku hiyo nzima. Alikaa juu ya debe, akanielekeza, na mimi nikafanya.

Kwanza, brashi ya waya. Nyuzi zote za bolti zinazoonekana nje ya nati nilizisugua mpaka zikang'aa. Kisha tukapaka mchanganyiko wake, mafuta ya gia boksi ya otomatiki na mafuta taa kidogo, tone kwa tone, tukaacha. Wakati yanaingia, mke wake akatuletea obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na Sista akakubali kuja kula. Mezani hakuniangalia. Walizungumza na mama wa nyumba habari za watoto. Baada ya kula akapata gari la kurudi, akaniambia neno moja tu mlangoni, kwamba Ijumaa ni Ijumaa.

Tulifuta mafuta yote kabla ya kuwasha gesi ya kuchomea. Msisahau hilo, mafuta na moto ni shida. Hashim akaniambia nichome nati peke yake, haraka, ifike rangi ya kutu iliyoiva, nisiuchome mwili wa hedi. Kisha niache ipoe yenyewe. Joto linaipanua nati, baridi inairudisha, na kutu katikati inapasuka. Ikiwa bado ya moto kiasi, nikagusisha mshumaa kwenye nyuzi. Nta ikayeyuka ikanywewa ndani kama maji kwenye mchanga. Sikuwa nimewahi kuona hilo maishani.

Halafu spana fupi. Bila bomba.

Ukisikia imesonga kidogo, unafurahi unataka kuendelea. Hashim akasema, "Rudi." Robo mzunguko mbele, robo nyuma. Mafuta tone. Mbele tena. Ikianza kukaza, rudi. Kila nilipotaka kuvuta, kabla hata sijavuta, alikuwa ameshaona begani kwangu. "Rudi."

Zile nati nne zilizobaki zilituchukua karibu saa tatu. Zote zikatoka nzima.

Vile visiki viwili vya bolti vilivyobaki kwenye hedi tulivitoa kwa kuchomelea. Unaweka nati juu ya kisiki, unachomelea kwa ndani ya tundu la nati, ishikane na kisiki. Ule moto wenyewe unalegeza bolti ndani ya alumini. Kisha unageuza kwa utaratibu ule ule. Cha kwanza kilitoka mara moja. Cha pili nati ilibanduka mara tatu. Mara ya nne nikasikia imesonga, laini, kama kifuniko cha chupa.

Niliangalia kile kisiki kikizunguka kikipanda, nikacheka peke yangu. Sijui kama nimewahi kufurahia kazi hivyo kabla ya hapo. Hakuna aliyekuwa akiniangalia isipokuwa mzee mmoja juu ya debe.

Kufunga ndiko kulikonifunza zaidi. Hashim alisafisha mashimo kwa tepu ya kukatia nyuzi, polepole, mpaka bolti mpya ikaingia kwa vidole. Uso wa manifoldi tukausugua mpaka ukakaa sawa juu ya kioo. Akanipa nati za shaba ya njano, ndefu kidogo kuliko za kawaida. Shaba haishikani na chuma kwa kutu, na siku ikigoma kabisa, inaharibika nati na bolti inabaki salama.

Na ile dawa nyeusi niliyoicheka? Ilikuwa grisi ya joto kali aliyoichanganya na unga wa grafiti. Siku hizi iko ya kopa, shaba nyekundu, imejaa madukani, tumieni hiyo. Grisi ya kawaida ya bearing msiweke, itaungua iwe masizi na itazidisha tabu.

Akanionya kwamba bolti iliyopakwa inateleza, kwa hivyo nguvu inayotakiwa ni ndogo. Anza nati za katikati, nenda nje, zungusha zote kidogo kidogo kwa awamu. Washa injini ipate moto, izime, iache ipoe kabisa, ndipo urudi kuzihakiki. Bomba langu la kuongezea spana nililiacha kwake. Alisema atalitumia kuegemezea mlango.

Alhamisi mchana 404 ilikuwa imesimama Amalemba, inanguruma taratibu. Nikaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, nikasikiliza kuzunguka manifoldi. Hakuna hata mlio wa mbu. Nikaipeleka Matete mwenyewe, vioo vimefungwa, na mvua ilinikuta Malava. Nilifika kichwa kikiwa chepesi.

Sista alizunguka gari, akafungua boneti akaangalia nati za njano. Nikamwomba msamaha vizuri, nimesimama, kofia mkononi. Akasema amesikia.

Jumamosi asubuhi uchungu wa Nasimiyu ukaanza.

Haya nilisimuliwa Jumatatu yake. Nilikuwa chini ya gari, nikaona viatu vyeupe vimesimama karibu na shimo. Nikatoka. Sista Robai alikuwa amechoka, nguo zimekunjamana, lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekula akashiba. Alisema mvua iliwapiga kuanzia Matete mpaka mjini, wakafunga vioo, Nasimiyu amelaza kichwa kwenye bega la mama yake, na hakuna aliyetapika, hakuna aliyesinzia. Madaktari walimpasua kabla ya saa sita. Msichana na mvulana. Yule aliyelala vibaya ndiye alilia kwa nguvu zaidi.

"Wote watatu wanapumua," akasema. "Sasa nionyeshe hizo nati zinapakwa namna gani."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia. Kule Matete ni mbali na fundi, na hataki tena kungoja mpaka gari imlevye. Kwa hivyo nikampa spana fupi, brashi ya waya na kikopo cha ile dawa nyeusi. Nikamfundisha alivyonifundisha Hashim, siku injini ikiwa baridi, moja baada ya nyingine, unalegeza, unasugua, unapaka, unarudisha. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Mwanafunzi wa kwanza niliyewahi kumfundisha ufundi alikuwa mkunga wa miaka hamsini na kitu, amevaa sare.

Akawa anafanya hivyo kila baada ya mvua za masika, na tena mwisho wa mwaka. Miaka minne baadaye, sailensa ilipooza, aliniletea gari nishushe ekzosi nzima. Nilijiandaa kwa kazi. Nikaweka spana, nikagusa tu, nati ikalegea. Iliyobaki nilizungusha kwa vidole viwili, zote sita, kama mtu anayefungua chupa ya wino. Sista alikuwa ameketi kwenye benchi anaongea na mke wangu. Aliniona nimesimama na nati sita kwenye kiganja, natabasamu peke yangu, akauliza kama kuna shida.

Nikamwambia hakuna shida yoyote.

"Basi harakisha," akasema, "nina mama ananingoja."

Hashim na mimi tumekuwa marafiki tangu wakati huo. Mtu akija kwake na gari ndogo alimtuma kwangu, na mimi wa trakta nilimtuma kwake. Yuko hai, alhamdulillahi, ingawa macho yamepungua na spana amewaachia wengine.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Gari ya zamani haidai nguvu, inadai mtu atakayeifikiria siku ya kufunga. Nati ikigoma, kuna mtu aliyeifunga vibaya, na mara nyingine huyo mtu ni wewe, na mteja wako yuko karibu yako anamlaumu mwingine. Ukiwa na gari iliyopita miaka kumi, usingoje ianze kupiga kelele. Siku moja ikiwa imepoa, sugua hizo nati, zipake, zirudishe bila kuzionea. Kama unajua mwezi ujao utafungua ekzosi, anza leo kuzitilia mafuta. Na ukishavunja moja, kwa heshima nakuomba, usiende kwa ya pili.

Nimemaliza. Mafundi wenzangu, nyinyi mnatumia nini kwenye nati za ekzosi, na huko kwenu chumvi ya bahari au mvua ndiyo inasumbua zaidi? Na kama kuna mwingine humu aliyewahi kusema "ni mimi" mbele ya mteja, aandike hapo chini. Ningependa kujua mwenzangu ulirudije kazini kesho yake.